Waya wa Chumba cha Dhahabu

JUMAMOSI, ALASIRI

"Mlango hauna tundu la ufunguo," Mazengo alisema. "Ndiyo maana tunamhitaji huyu."

Alimnyooshea Asnath kidole. Zefania na Eliya wakamgeukia.

Walikuwa wanne kwenye chumba cha nyuma cha duka la Asnath la kutengeneza kompyuta, Mandewa. Dirisha lilikuwa moja, nalo limezibwa na maboksi ya mashine mbovu. Ukuta wa pili, mashine ya kukamua alizeti ilinguruma tangu asubuhi. Mazengo aliipenda kelele ile. Ilimeza maneno.

Mazengo alikuwa mtu wa Manyoni. Wizi aliuanzia kwenye mabehewa pale Itigi, akapanda ngazi mpaka bastola. Zefania alikuwa mchimbaji wa zamani wa Sekenke, mabega yamejaa mlango mzima, maneno machache. Eliya alikuwa dereva. Alikuwa pia mdogo wake Asnath, tumbo moja.

Mazengo akapanga skrubu juu ya meza.

"Hapa mapokezi. Meza ya meneja. Hii korido. Mwisho wa korido, chumba cha dhahabu. Ukipinda kona, nyuma kabisa, kabati la swichi, kile kifaa kinachogawa nyaya za mtandao, na kibanda cha mlinzi. Mlinzi mmoja, mzee."

"Na meneja?" Zefania aliuliza.

"Meneja anaimba kwaya Kiomboi kila Jumapili. Kompyuta ya kazi anaondoka nayo. Anadhani kwa hivyo amefunga kila kitu." Mazengo alicheka bila kuonyesha meno. "Tajiri wao hataki waifai. Anaogopa wezi wa hewani. Mlango unafunguliwa na programu, programu inapita kwenye waya. Kasiki iliyomo ndani ni hivyo hivyo. Na programu tunayo."

Programu hiyo aliiiba Asnath. Meneja alimletea kompyuta imekufa feni, naye kabla ya kuirudisha akainakili programu kwenye flashi. Hakupenda. Lakini mwaka uliopita, kule Kintinku, Eliya alimwendeshea Mazengo gari usiku wa wizi wa ng'ombe, na mchungaji mmoja akagongwa, akafa. Aliyejua nani alishika usukani ni Mazengo peke yake. Alipokuja dukani hakutisha mtu. Alisema tu, "Kazi moja, fundi, halafu mdogo wako ni wako."

Sasa akaweka boksi jipya mezani. Laptopu, bado imevaa nailoni.

"Utatumia hii. Ya kwako ina jina lako tumboni. Tukimaliza, hii inazama ziwani Kindai."

Asnath aliigeuza. Akaigeuza tena.

"Haina tundu la waya."

"Maana yake?"

"Ni nyembamba mno. Hizi mpya zinategemea waifai. Waya wa mtandao hauna pa kuingia. Mpaka adapta."

"Unayo adapta?"

"Ninayo. Ila sijaijaribu na mashine hii, na hapa sina waya wa kujaribia. Natumia mtandao wa simu."

"Utajaribu huko huko," Mazengo alisema. Akagusa skrubu ya mwisho. "Sikilizeni. Mlango ukifunguka unabaki wazi hadi programu iuambie ufunge. Lakini swichi ikikatika, unajifunga wenyewe, na hakuna wa kuufungua kwa mkono. Si wa nje, si wa ndani."

"Swichi ikikatika tu?" Eliya aliuliza. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile.

"Ikikatika tu. Kwa hiyo wewe utakaa pale kwenye kabati na mlinzi. Mtu asiguse. Zefania akiita 'Tumo,' ujue mzigo unakaribia kutoka, uende ukawashe gari. Fundi anabaki mezani kwa meneja. Mimi na Zefania tunaingia. Kuna swali?"

Mashine ya alizeti ilinguruma. 

JUMAPILI, KENGELE YA KWANZA

Gari lao, Noah ya kijivu, liliteremka kona za Sekenke taratibu. Chini kanisa lilikuwa linaita watu. Makarasha ya kusagia mawe yalikuwa kimya, vumbi limetulia juu ya mabati. Kwenye magenge ya wachimbaji hapakuwa na mtu isipokuwa mbuzi.

Nyumba ya kununulia dhahabu ilikuwa na geti jekundu. Asnath alishuka peke yake, mkoba begani, akabisha.

Mlinzi, mzee Yohana, alichungulia. Alimkumbuka tangu siku aliyorudisha kompyuta ya meneja.

"Fundi! Na Jumapili yote hii?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nikufungulie."

Komeo lilipoachia, Zefania akaingia kama ng'ombe dume. Mzee alikaa chini bila kutaka. Kamba mikononi, kamba miguuni. Hakupiga kelele. Alimtazama Asnath tu.

"Nimekuitikia marahaba," alisema.

Asnath aligeuza uso. Eliya alimwinua mzee kwa makwapa, polepole, akampeleka nyuma kwenye kabati la swichi. Alipopita karibu na dada yake alinong'ona: "Ukae pale mezani. Usitoke pale hata iweje. Umesikia, dada?"

Asnath alidhani mdogo wake ana hofu. Akaitikia kwa kichwa.

Mezani kwa meneja waya ulikuwepo, wa bluu, umejikunja kama nyoka aliyekufa. Asnath akachomeka adapta kwenye laptopu, akachomeka waya kwenye adapta.

Giza. Hakuna taa.

"Vipi?" Mazengo aliuliza.

"Subiri."

Akachomoa, akachomeka tundu la upande wa pili. Giza. Akatoa waya mwingine mkobani. Giza. Basi si waya. Akafungua orodha ya vifaa kwenye kioo. Adapta ilikuwepo, ina alama ya njano pembeni. Laptopu inaiona lakini haiijui.

"Inataka draiva."

"Dereva?" Zefania alishtuka. "Eliya?"

"Draiva. Programu ndogo ya kuitambulisha adapta kwa mashine. Kwa kawaida inajishusha yenyewe mtandaoni."

"Si ishuke."

"Mtandao ndio tunaoutafuta, Zefania."

Mazengo hakucheka. Alikuwa ametoa bastola, ameiweka juu ya karatasi za meneja. Asnath alipekua flashi zake. Ya tatu ilikuwa nayo. Aliiweka, mstari ukaanza kutambaa kwenye kioo. Jasho lilimshuka mgongoni. Nje mbuzi alilia.

Taa ikawaka. Kijani.

"Tayari?"

"Bado. Taa inasema tu waya umegusa waya. Mashine haijapewa anwani." Mtandao ule ulikuwa haugawi anwani kwa mgeni, kila mashine imeandikiwa yake kwa mkono. Asnath aliikumbuka ya meneja. Akaiandika tarakimu kwa tarakimu, akafungua programu.

Mistari miwili ikajitokeza: MLANGO. KASIKI. Mbele ya kila mmoja, kitufe: FUNGUA.

Akabonyeza cha kwanza. Mwisho wa korido chuma kiliguna, mlango ukajisogeza. Zefania alijifuta uso kwa kiganja. Aliutazama mlango ule wazi, na ule weusi wa ndani, akabaki amesimama.

"Nenda," Mazengo alisema.

"Umeme utawaka humo?"

"Swichi ya taa ipo ukutani. Nenda, mwanaume."

Wakaingia. Asnath akabonyeza kitufe cha pili. Kwenye kioo yakatokea maandishi mekundu: muunganisho umekatika.

Alipapasa soketi ya ukutani. Ililegea mkononi kama jino bovu. Ukiubana waya kwa kidole, taa inawaka. Ukiachia, inazima. Alijaribu kubana kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine. Iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima.

Mazengo alirudi anapiga hatua ndefu.

"Kasiki haijafunguka."

"Soketi hii imekufa. Inaunga na kukata."

"Ndani kuna soketi ya mzani. Nimeiona. Njoo."

"Tulisema mimi nakaa hapa."

"Tulisema mengi." Alimshika mkono wa juu, akamnyanyua pamoja na laptopu.

Asnath alitupa jicho nyuma ya korido. Eliya alikuwa ng'ambo ya kona. Haonekani, wala haoni.

Chumba cha dhahabu kilikuwa cha zege tupu, na taa moja ndani ya kizimba cha waya. Mzani, meza ya bati, kasiki yenye kimo cha mtoto. Asnath alipiga goti, akachomeka waya kwenye soketi ya mzani. Taa ikawaka imara, haitetemeki. Programu ikafunguka.

"Hapa sawa," alisema. "Hii iko vizuri."

Zefania alipumua. Akageukia korido, akaita kwa sauti ya mgodini:

"Tumo!"

Taa ya adapta ikazima.

Mlango ulijifunga bila haraka, kama mtu asiye na wasiwasi. Zefania aliufikia kwa bega. Alichelewa.

KENGELE YA PILI

Kengele haikusikika humo. Hakuna kilichosikika humo.

Mazengo aliinua simu yake. Hakuna mtandao. Akamwendea Zefania, aliyekuwa anaupiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Acha. Unatumaliza hewa."

"Nifungulieni," Zefania alisema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote. "Nifungulieni jamani."

Asnath alikumbuka kwamba mtu huyu aliwahi kufukiwa mgodini. Eliya alimsimulia: duara, shimo la kuchimbia, lilianguka, wenzake wawili wakabaki chini, Zefania akatolewa amekwisha kuwa bubu. Ilichukua miezi aseme tena.

"Fundi," Mazengo alisema. "Tengeneza."

Alianza upya. Adapta, tundu hili, tundu lile. Waya wa pili. Alama ya njano haikuwepo tena. Draiva inafanya kazi. Anwani ni ileile. Akazima laptopu, akaiwasha. Akapuliza soketi. Kila alichogusa kilikuwa kizima. Hilo ndilo lililomtisha. Kitu kikiharibika mkononi mwako, unakirekebisha. Hiki hakikuwa mkononi mwake.

"Tatizo haliko huku," alisema mwishowe. Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Liko upande wa pili wa waya."

Mazengo alichuchumaa, nyuso zao zikalingana.

"Upande wa pili yupo nani?"

Asnath akachomoa waya, akauchomeka tena.

"Fundi. Pale kwenye kabati nimemweka nani?"

"Labda umeme umekatika."

Mazengo alitazama taa inayowaka darini. Akatabasamu.

"Mdogo wako ametuchoma," alisema. "Ametuuza kwa njagu, kwa polisi. Na wewe umo ndani, kwa hiyo hukujua." Alisimama. "Sawa. Mlango huu utafunguka. Iwe wewe umeufungua, iwe wao. Wa kwanza nitakayemwona ni yeye, na risasi ya kwanza ni yake. Nakuapia mbele ya mama yangu aliyelala Manyoni."

Akamgeukia Zefania, akamvuta na kumketisha kwenye kona. Akaanza kumsemesha kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Mlangoni palikuwa na kioo kinene, upana wa kiganja. Asnath aliinua macho pale, akamwona Eliya.

Alikuwa anachungulia. Nyuma yake korido ilikuwa nyeupe kwa jua. Macho yake yalipita mgongoni mwa Mazengo, yakapita kwa Zefania, yakashuka chini. Yakamkuta dada yake amepiga goti, laptopu mapajani.

Alifungua mdomo. Sauti haikupita, lakini neno lilisomeka. Dada.

Akaweka mikono kichwani, yote miwili, kama watu wanavyoiweka msibani. Ndipo Asnath akaelewa lote. Ukae pale mezani, usitoke hata iweje. Alikuwa amepanga kuwafungia wawili hawa, amshike mkono dada yake, watoke naye getini. Alikwenda mezani kumchukua. Akakuta kiti kitupu.

Kioo kikabaki bila uso.

Asnath alihesabu pumzi zake. Alijua Eliya anakimbilia wapi: kwenye kabati, kuirudisha swichi. Alitamani kumpigia kelele, usifanye hivyo, kimbia, lakini zege lilikuwa zege.

Taa ya adapta ikawaka.

Kijani, imara. Mistari miwili ikarudi kwenye kioo. Kitufe cha MLANGO kilikuwa wazi, kinasubiri kidole.

Aliinamisha kioo cha laptopu kidogo. Akaendelea kugonga vibonye visivyo na maana.

"Vipi huko?" Mazengo aliuliza.

"Bado."

Alijua polisi wako njiani. Eliya asingeanza hivi bila kuwaita. Kinachotakiwa ni muda tu. Akiufungua mlango sasa, Eliya yuko palepale korido, mikono mitupu, anasubiri kumpokea. Hatakimbia. Asnath alimjua tangu anambeba mgongoni. Atasimama pale mpaka amwone dada yake ametoka, na Mazengo atatoka kwanza.

"Dada." Zefania alikuwa amesogea kwa magoti. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. "Hiyo taa. Imewaka."

"Taa si mtandao, Zefania. Si niliwaambia mezani? Waya umegusa tu. Anwani hakuna."

"Mezani ilivyowaka, kidogo tu ukafungua."

"Hii ni soketi nyingine."

"Dada, mimi siwezi humu." Machozi yalimtoka bila kilio. "Nakuomba. Kama unaweza, nifungulie. Mimi sitamgusa mdogo wako. Mimi nitakwenda zangu nyumbani."

Asnath alitaka kumwambia. Nusura amwambie. Lakini Mazengo alikuwa amesimama nyuma yao, kimya, anatazama kioo cha laptopu juu ya bega la Zefania. Hakujua kompyuta. Ila kusoma alijua.

"Hapo pameandikwa nini?" aliuliza.

Asnath alikiinamisha kioo zaidi.

"Pameandikwa FUNGUA. Kule mezani uliligusa neno hilo hilo, mlango ukafunguka." Bastola ilimgusa shingoni, ya baridi. "Bonyeza."

Alinyoosha mkono. Mkono ulipita kitufe, ukashika adapta, ukaing'oa. Akaiweka sakafuni, akainuka, akaikanyaga kwa kisigino, na mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka ganda jeupe likapasuka na vipande vya kijani vikaruka chini ya mzani.

"Sasa hakuna mtandao," alisema.

Mazengo alivuta pumzi moja. Kisha akanyanyua bastola kutoka shingoni hadi usoni.

"Usimuue!" Zefania alinguruma. "Huyu akifa tutafia humu!"

Akamrukia. Kwenye zege lile mlio ulikuwa kama baruti ya mgodini. Wote watatu walianguka. Mazengo peke yake ndiye aliyesimama tena. Zefania alijaribu, mguu ukamkataa. Damu ilikuwa inatoka pajani, nyekundu sana, inaruka.

Mazengo alitazama damu. Akatazama ganda la adapta. Akamtazama Asnath kwa muda mrefu, na Asnath akaona akili yake inazunguka chumba, ukuta hadi ukuta, ikitafuta pa kutokea, ikikosa. Akaketi juu ya kasiki, bastola katikati ya magoti.

"Tengeneza," alisema. Lakini alijua.

Asnath alivua khanga aliyojifunga kiunoni, akalifunga paja la Zefania juu ya jeraha, akakaza kwa uzito wake wote. Zefania alimshika kifundo cha mkono.

"Nifungulie sasa, dada."

"Siwezi tena, kaka."

"Kidogo tu."

"Siwezi. Nimevunja."

Khanga ilikuwa ya njano. Ikawa nyekundu, kisha nyeusi. Kila mara Zefania aliuliza kama wamefika, na kila mara Asnath alijibu wako karibu. Joto lilipanda. Mazengo aliacha kusema. Kwenye kioo cha mlango uso wa Eliya ulikuja, ukaenda, ukaja tena, na Asnath hakuutazama, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Polisi walifika. Walionekana kwenye kioo, kofia kwa kofia. Lakini mlango haukuwajua. Programu iliyobaki nje ya mlango ule ilikuwa kwenye kompyuta ya meneja, na meneja alikuwa Kiomboi, anaimba.

MCHANA, IBADA IMEKWISHA

Mlango ulipofunguka, Mazengo alikuwa ameisukuma bastola mbali sakafuni. Alinyoosha mikono mbele afungwe, kama anayepokea maji ya kunawa. Meneja alisimama korido na joho la kwaya, kompyuta mikononi.

Zefania walimbeba kwenye turubai. Alikuwa anatazama juu, mbingu wazi, na midomo yake ilikuwa inacheza. Alifia njiani kabla ya hospitali.

Kituoni waliwaketisha Asnath na Mazengo kwenye benchi, kila mmoja na pingu yake. Eliya alikaa mezani kwa afisa, bila pingu, na uso wa mtu aliyefukuliwa.

"Uliniambia wawili," afisa alisema. Alikuwa mama wa makamo, sauti ya uchovu. "Wawili wa kuwafungia. Mimi nimetoa watatu. Ili nikulinde kama shahidi, unitajie wote waliokuwa ndani, kwa mdomo wako. Ukimficha mmoja, wewe nawe unahamia benchi. Na habari ya Kintinku tutaizungumza vilevile, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya."

"Mazengo."

"Wa pili."

"Zefania. Marehemu."

"Wa tatu."

Eliya alitazama mikono yake. Feni ilizunguka. Mazengo, kwenye benchi, alianza kutabasamu taratibu, kwani aliona kwamba kijana hatasema.

"Wa tatu, kijana."

"Alilazimishwa," Eliya alisema. "Hakutakiwa kuwemo. Nilimwambia akae mezani. Mama, nilimwambia—"

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza jina."

 Damu ya Zefania ilikuwa imekauka kwenye kucha za Asnath. Alizificha kwenye mikunjo ya gauni, akainua kichwa.

"Eliya," aliita, kwa sauti aliyokuwa akimwitia uji zamani, asubuhi, kabla ya shule. "Mdogo wangu. Mtaje."

Eliya alitikisa kichwa.

"Mtaje, nakwambia. Mimi nitakuwa sawa."

Mdogo wake akafungua mdomo, akamtaja, na sauti ikamkatika katikati ya jina. Afisa akamwambia arudie.